Picha ya Bibi na Vitundu Vilivyokauka



Wiki iliyopita tuliahidi kuendelea na maelezo yetu juu ya Zaburi za maombolezo. Ahadi hiyo tutaitimiza, Mungu akitujalia uzima, lakini leo tunaomba radhi, kwa maana yapo yaliyotupata kati ya Jumatano na Alhamisi ambayo tumeona ni vema tuyaandike yangali mapya kichwani. Ni habari za printa. Naam, ile printa ya picha iliyonunuliwa kwa michango yenu wenyewe. Na kwa kuwa ni mali yenu, mnayo haki ya kujua jinsi tulivyoitunza, au tuseme kweli, jinsi ambavyo hatukuitunza.

Usiku wa Jumanne alifariki bibi mmoja ambaye wengi wenu mnamfahamu zaidi kwa kiti chake, safu ya tatu upande wa dirisha, kuliko kwa jina. Nasi kwa heshima ya familia hatutalitaja. Jumatano saa sita mchana mjukuu wake alikuja ofisini, akatusalimu kwa shikamoo, akafungua bahasha ya kaki na kutoa picha moja ya nyeusi na nyeupe isiyozidi ukubwa wa kiganja. Ilikuwa picha ya harusi. Bibi alikuwa binti mwenye shela, mumewe amesimama pembeni kama askari wa gwaride, na nyuma yao zinaonekana kuta za kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo watu wa Mji Mkongwe wote, Wakristo kwa Waislamu, huliita Minara Miwili.

“Baba, tunaomba utukuzie hii, iwekwe mbele ya jeneza kesho saa tisa. Hatuna nyingine.”

Tulimuuliza kama hakuna hata moja ya simu. Akasema bibi hakupenda kupigwa picha. Kila aliyeinua simu alijifunika uso kwa kanga.

Mwaka uliopigwa picha ile haukuandikwa, lakini kwa umri wa marehemu imekwisha kupita miaka 60. Mhuri wa studio uliokuwa nyuma umefifia hata hausomeki. Mji wetu ulikuwa na wapiga picha hodari tangu zamani. Mgoa A. C. Gomes alikuwa na studio hapa tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, kazi ambayo mwanawe Rohit aliirithi na kuiendeleza katika Barabara ya Kenyatta. Picha za wazee wale zilitoka katika chumba cha giza, kwenye karatasi iliyopakwa chumvi za madini ya fedha, nazo zikisuuzwa vizuri hudumu kuliko aliyepigwa. Tuliishika picha ile kwa ncha za vidole, tukaiweka kwenye skana, tukamwambia kijana arudi baada ya saa moja. Saa moja! Hata sasa tunaona haya tukikumbuka tulivyolitamka neno hilo.

Karatasi ya kwanza ilipotoka, shela ya bibi ilikuwa ya kijani. Si kijani kibichi, bali kile cha ndizi inayokaribia kuiva. Na usoni, kutoka paji hadi kidevuni, ilipita mistari myeupe ya mlalo kama mbao za dirisha la louva.

Hapa wasomaji wenye printa za aina hii nyumbani wataelewa, na wasio nazo wavumilie kidogo. Printa yetu ina rangi sita: nyeusi, manjano, samawati, majenta, na kisha samawati mpauko na majenta mpauko. Hizo mbili pauko ndizo zinazolainisha ngozi, mawingu na vitambaa vyeupe. Mtu angedhani picha ya nyeusi na nyeupe ni kazi nyepesi kwa mashine kama hiyo, kumbe ndiyo mtihani wake mkubwa, kwani kijivu chake hakitoki katika wino mweusi peke yake bali katika rangi zote zikichanganywa kwa mizani. Rangi moja ikipungua, mizani inalala. Majenta ikikosekana, kijivu hugeuka kijani. Samawati ikikosekana, kinakuwa chekundu. Katika picha ya rangi ya watoto wa Komunyo ya Kwanza kasoro kama hiyo ingejificha ndani ya maua na mapambo. Katika shela ya bibi haikuwa na pa kujificha.

Tukafanya wanavyofanya wengi. Katika kompyuta kuna kitufe cha kusafisha hedi, tukakibonyeza. Printa ikanguruma, ikanyamaza. Tukachapa ukurasa wa majaribio, ule wenye vijistari vidogo vilivyopangwa kama ngazi, ambamo kila kijistari ni kitundu kimoja cha wino. Mapengo yapo. Tukasafisha tena. Mapengo yapo. Mara ya tatu, ya nne, ya tano. Kufikia saa tisa alasiri tulikuwa tumeharibu karatasi sita za picha, wino ndani ya matangi ulikuwa umeshuka kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, na mapengo, badala ya kupungua, yalikuwa yameenea hata katika rangi ya manjano ambayo mwanzoni haikuwa na dosari yoyote. Mjukuu alikuwa amekaa barazani muda wote huo. Hakutuuliza neno.

Tuliondoka na daladala kwenda mjini, tukashuka Darajani, tukatembea hadi Mlandege kwa mzee mmoja fundi ambaye zamani akitengeneza taipureta na siku hizi anatengeneza printa. Tulimkuta anafungasha.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, Padri. Mbona unahema?”

Tulimweleza. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: “Hayo mapengo yanakaa palepale, au yanahama?”

Hatukujua. Kurasa tano za majaribio tulikuwa tumeziangalia mojamoja ili kuona kama tatizo limekwisha, na kila ulipoonekana halijakwisha, ukurasa ulikwenda kapuni. Hatukuwahi kuweka wa kwanza kando ya wa pili.

Mzee akatufafanulia, nasi tunawapa maelezo yake kwa maneno yetu. Pengo likikaa mahali pale pale ukurasa baada ya ukurasa, kitundu hicho kimeziba kwa wino uliokauka. Likihama, leo hapa kesho pale, hapana kilichoziba. Ni hewa iliyoingia njiani, mara nyingi kwa sababu kile kikombe cha mpira kinachofunika hedi inapopumzika kimechafuka ukingoni na hakizibi sawasawa. Usafishaji ule wa kitufe si kuosha. Pampu hufyonza wino kwa nguvu kupitia vitundu vyote, vizima na vibovu, na wino huo wote huishia kwenye sponji iliyo chini ya mashine, ambayo nayo ina hesabu yake. Ikijaa, printa hukataa kufanya kazi hata kama mengine yote ni mazima. Na kama kikombe hakizibi, pampu hufyonza hewa badala ya wino, na kila unapobonyeza unazidi kuharibu.

Tulimwomba tumletee mashine. Akakataa katakata: printa ya matangi haibebwi kwenye daladala ikayumba, wino utamwagika ndani. Alisema atakuja mwenyewe baada ya sala ya Isha. Akaja, kwa Vespa yake kuukuu, taa moja, saa mbili na nusu usiku.

Kabla ya kugusa chochote aliomba kapu la taka. Tuliona aibu, lakini tulilileta, naye akazinyoosha kurasa zetu tano juu ya meza, akazipanga kwa mfuatano, akazimulika. Sasa hata sisi tuliona. Katika ukurasa wa kwanza mapengo yote yalikuwa katika majenta mpauko. Katika wa pili yapo yale yale, hakuna kilichobadilika. Kuanzia wa tatu mapengo mapya yanazuka katika rangi nyingine, na hayo mapya ndiyo yanayohama. Kwa hiyo palikuwa na maradhi mawili. La kwanza lilikuwepo tulipoanza. La pili tulilileta wenyewe mchana ule, kwa kidole chetu.

Na la kwanza je? Alituuliza printa ilichapa lini mara ya mwisho. Tukahesabu: kipindi cha Pasaka. Miezi minne na ushee. Tulikuwa tumeifungia kabatini ili vijana wasimalize wino kwa kuchapa mabango ya mpira. Tena, kwa desturi ya kubana matumizi, kila tulipomaliza kazi tulizima soketi ukutani badala ya kitufe cha mashine yenyewe. Mzee akatikisa kichwa. Ukizima ukutani hedi inapokuwa katikati ya safari, hairudi kwenye kikombe chake. Inabaki wazi, na wino unakauka vituduni kama uji mdomoni mwa sufuria. Umeme ukikatika ghafla matokeo ni hayo hayo. Sisi wa Unguja tunayajua hayo ya umeme. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa takriban mwezi mzima gizani, na kuanzia Desemba 2009 kikakaa tena kwa miezi kama 3 hivi, waya wa chini ya bahari ulipokosa kuleta umeme kutoka bara. Mzee alisema baada ya giza lile la pili aliletewa printa nyingi ambazo hazikuamka tena.

Inafaa mjue vitundu hivyo vina ukubwa gani. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hadi 100 hivi, na mikroni 1,000 ndizo milimita moja. Kitundu cha wino ni kama mikroni 20. Kila rangi katika mashine ya aina yetu ina vitundu 90, jumla 540, na tone dogo kuliko yote linalotoka ni la pikolita 1.5, yaani sehemu moja na nusu ya lita iliyogawanywa mara trilioni. Zipo printa ambazo hulichemsha tone hilo likaruka kwa mvuke. Inasimuliwa kuwa njia hiyo iligunduliwa mwaka 1977 katika maabara ya Canon huko Japani, pale chuma cha moto cha kulehemu kilipogusa sindano yenye wino. Zetu hazichemshi. Ndani yake kuna fuwele inayojikunja ikipata umeme na kulisukuma tone nje. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, ndio waliogundua mwaka 1880 kwamba fuwele za namna fulani zikibanwa hutoa umeme, na muda mfupi baadaye ikathibitika kuwa kinyume chake ni kweli pia. Tofauti hii si ya darasani tu. Katika printa nyingi za kuchemsha, hedi hubadilishwa pamoja na kopo la wino. Katika za fuwele hedi ni sehemu ya mashine yenyewe, na bei yake hukaribia bei ya printa mpya.

Kwa sababu hiyo Mzee hakuchokonoa kitu. Aliwasha printa, akasubiri hedi itoke kwenye maegesho yake, akachomoa waya. Akapangusa ukingo wa kikombe cha mpira kwa pamba, nayo ikatoka na ukoko mweusi. Kisha akakunja kitambaa laini, akakilowanisha kidogo, akakilaza katika njia ya hedi na kuisogeza taratibu mpaka ikakaa juu yake. Tulipomletea maji ya bomba alituuliza kama hatujaona magamba ndani ya birika letu. Maji ya Unguja yanapita katika mawe ya chokaa. Yangeacha chokaa hiyo hiyo vituduni. Alikuwa amekuja na chupa yake ndogo ya maji yasiyo na madini, yale ya famasi ya kuchanganyia dawa.

“Sasa?” tukauliza.

“Sasa kalale.”

Tulimwambia mazishi ni saa tisa kesho. Akasema wino ulichukua miezi minne kukauka, nasi hatutaki kuupa hata usiku mmoja wa kulainika. Baadaye tulifungua kitabu cha maelekezo ya printa, ambacho tangu kununuliwa kilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki, tukakuta nacho kinasema: ukisafisha mara tatu bila mafanikio, acha, subiri muda wa saa 12 bila kuchapa. Mzee alidai shilingi 15,000, hakupunguza hata mia, akatuombea salamu za pole kwa wafiwa, akaondoka.

Usiku ule hatukulala vizuri. Saa saba tuliamka kuangalia kama uniti za umeme zinatosha mpaka asubuhi, maana kukosa umeme saa ya kuchapa kungekuwa fedheha juu ya fedheha. (Mgeni mmoja kutoka bara aliwahi kutuuliza kwa nini mita zetu zinaitwa TUKUZA. Tulimjibu kuwa zikiwaka, hata yeye atatukuza.) Zilitosha. Tukamulika ndani ya printa kwa tochi, tukiegemeza mkono kando, kuona kitambaa. Kilikuwa na doa moja la waridi. Tuliinama pale muda mrefu kuliko ilivyostahili, tukitazama doa lile.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baada ya Misa, tuliondoa kitambaa, tukawasha, tukasafisha mara moja tu kama tulivyoelekezwa, tukachapa ukurasa wa majaribio. Majenta mpauko: vijistari 88 kati ya 90. Rangi nyingine zote kamili. Kidole kilikuwa kimekwisha kufika kwenye kitufe cha kusafisha tena ili tuvipate viwili vilivyobaki, tukakirudisha. Tukampigia Mzee.

“Viache. Chagua ubora wa juu kabisa, hedi itapita mara nyingi juu ya mahali pamoja, na vitundu vingine vitafunika pengo la hivyo viwili.”

Tukachapa. Shela ilikuwa nyeupe. Uso wa bibi ulikuwa kijivu laini, bila mstari hata mmoja. Lakini furaha yetu haikudumu, kwani tulipoitazama vizuri tuliona kila kitu chenye ukingo kimekuwa viwili: minara ya kanisa ina kivuli chembamba pembeni, na bwana harusi ana pua mbili. Ingalikuwa jana tungekwisha kusafisha mara tatu.

Hilo si la wino tena. Hedi huchapa ikienda na huchapa ikirudi, na matone ya safari ya kurudi yasipoangukia mstari ule ule na ya kwenda, picha inakuwa na mizuka. Dawa yake ni kulinganisha hedi: printa huchapa safu za miraba yenye namba, nawe unachagua ule ambao mistari yake imeungana bila mwanya. Kazi hiyo hufanywa baada ya vitundu kufunguka, si kabla, kwa sababu miraba yenye mapengo hudanganya jicho. Tulifanya hivyo, kukawa na nafuu lakini si kupona. Upande wa kushoto ulinyooka, wa kulia ukabaki na kivuli. Mzee, tulipomtumia picha kwa simu, aliuliza kama tuligusa ule utepe mwangavu mwembamba unaopita nyuma ya hedi. Utepe huo una mistari midogo isiyoonekana, na ndiyo ngazi ambayo hedi huisoma ili kujua imefika wapi.

Tulikumbuka mkono wetu wa saa saba usiku. Alama ya kidole ilikuwapo, upande wa kulia, imetulia kama mhuri. Tukaipangusa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, bila kuvuta, tukalinganisha tena, na saa nne kasoro robo picha ikatoka.

Alasiri jeneza lilipowekwa mbele ya altare, picha ile iliegemezwa kwenye maua. Tuliona kina mama wa jumuiya wakisogea mmojammoja, na kusimama. Wengi wao hawakuwahi kumwona bibi akiwa kijana. Mmoja alituambia hakujua kuwa alikuwa na kishimo shavuni. Ni kweli, kipo. Sisi tuliokesha na uso ule hatukuwa tumekiona.

Baada ya makaburini mjukuu alirudi ofisini kuchukua picha ya asili. Juu ya meza zilikuwa bado zile karatasi zilizoharibika, za kijani na zenye mistari, nasi tulikuwa tumezikusanya ili tuzichane. Akatuomba tusizichane.

“Zimeharibika zote hizi,” tukamwambia.

“Najua, Baba. Lakini ni uso wake. Asiende kapuni.”

Akazipanga sawasawa, zote pamoja na ile ya pua mbili, akazitia katika bahasha ya kaki.

Printa imetoka kabatini. Kuanzia sasa ratiba ya wasomaji itachapwa kila Jumamosi kwa rangi zote sita, hata kama mtaona mapambo yake yamezidi kiasi, na vijana wanaruhusiwa kuchapa bango moja la mpira kwa wiki, sharti waizime kwa kitufe chake. Zaburi za maombolezo tutaziendea wiki ijayo, panapo majaliwa.